Mfuo wa Baba Uliopinda

Clem mdogo wangu,

Maboga yamekubali mwaka huu, na paka wako mzee bado hataki kutuachia kiti cha jikoni. Mvua nayo ilingoja mpaka mashindano ya kulima kwa plau yakaisha.

Baba alishindana. Alichomeka vijiti vyake vyeupe vya kulengea, akapanda trekta, akaanza vizuri. Katikati ya shamba akavikanyaga vijiti vyenyewe, akaelekea kwenye michongoma. Mfuo ukapinda kama mkia wa nguruwe.

"Mwalimu, leo ulikuwa unafukuza sungura?" jirani yetu Obed akamtania.

Baba akashuka, akautazama, akacheka. Unamjua, amestaafu lakini Kilatini chake hakijastaafu. "Mnalijua neno *delirium*, kuweweseka kwa mgonjwa? Kwa Warumi, *lira* ni mfuo wa plau. Aliyechanganyikiwa walisema ametoka mfuoni. Na kabla yao, mzizi wake ulikuwa njia tu, alama za kufuata ardhini. Basi leo nimewafundisha kwa vitendo!"

Watu wakavunjika mbavu. Nilicheka pia, mpaka nilipohisi vidole vyake vimenishika mkono.

"Thirza, usiwaambie," akaninong'oneza. "Nyumbani ni upande gani?"

Paa letu lilikuwa mbele ya macho yake, ng'ambo ya michongoma.

Nimeficha funguo za trekta, Clem, na hajaziulizia. Hilo linanitisha kuliko yote. Njoo.

Dada yako,
Thirza