Mafiga ya Matanga ya Baba

Alhamisi. Ukungu haujaondoka Kibosho tangu asubuhi, mlima hauonekani, na mimi sihisi kitu.

Baba tumemzika jana kihambani, shamba letu la ukoo, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Sikulia. Niligawa chai, nikaitikia pole, nikatafuta viti vilivyopungua. Nilisikia akina mama wakinong'ona kwamba usomi umenikausha. Labda.

Habari zilinikuta njiani natoka Kagera na mawe yangu ya nikeli, nayapeleka maabara. Nikaja nayo nyumbani, nikayaacha barazani ndani ya gunia. Shajara, wewe unajua nilivyoyahangaikia. Yalizaliwa kwenye uji wa moto wa miamba iliyoyeyuka chini ya ardhi, na nikeli haijikusanyi mpaka uji huo upate salfa, yaani kiberiti, ya kutosha. Swali langu ni moja tu: salfa hiyo ilipanda na uji kutoka chini kabisa, au uji uliiokota njiani kwa kuyeyusha miamba ulimopita? Kuna salfa nyepesi na nzito, ndizo isotopu zenyewe. Ukipima uwiano wake, jiwe linakutajia kwao.

Leo nimekuta gunia tupu.

Shangazi Apolonia, dada yake baba, ndiye mkuu wa jiko la msiba. Mawe ya kwetu yana vitundu, mengine hupasuka motoni. Yangu ni mazito, hayayumbi. Basi sufuria kubwa la ndizi na nyama lilikuwa limetulia juu ya utafiti wangu, na moshi unanuka kiberiti. Salfa ilikuwa inaondoka. Jiwe likishaungua hivyo vipimo vyake haviaminiki, na shimo nilikoyatoa limeshafukiwa.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nilichuchumaa, nikatazama.

Moshi ukaniingia machoni. Machozi yakaanza, yakagoma kukoma.

Shangazi akatupa mwiko, akanikumbatia. "Lia mwanangu, lia tu. Tangu jana tunakungoja wewe."

Akina mama wote wakaangua kilio upya. Sikuwaambia habari za mawe. Ndizi zilipoiva tulikula, nami nikaomba nyongeza.

Sasa ni jioni, macho bado yananiwasha. Najiuliza lile nililozoea kuyauliza mawe: yale machozi yalitoka ndani kabisa, au niliyaokota kwenye moshi? Hakuna maabara ya kunipimia hilo.

Kesho tunaanua matanga. Shangazi amekuja kuniuliza kama mafiga yawe yale yale.

Nimemwambia ndiyo.