Maswali ya Mama kwa Madaktari wa Jeni

Jumamosi, 2 Julai 2005

Jibu la barua pepe yetu limekuja. Mwalimu Nadhira kanionesha kwenye kompyuta, pale internet kafe ya Mkunazini. Nimelisoma mara tatu. Daktari wa Marekani anasema ni kweli, wanajaribu tiba ya jeni kwa wagonjwa wa Parkinson, kama Mama. Virusi visivyodhuru vinabebeshwa jeni, vinatiwa ndani ya ubongo. Bado ni majaribio. Mama anaweza kuombewa nafasi — ila awe ameugua miaka mitano au zaidi, na ushahidi uwepo.

Mama anasema mkono umeanza kumtetemeka mwaka juzi. Miaka miwili tu. Nimerudi nyumbani Mpendae sina hamu ya kula.

Jumanne, 5 Julai

Nilikuwa nnakunja nguo za Baba, nikaona kofia zake. Kila Idi Mama humshonea moja kwa mkono, akatia mwaka kwa ndani, na Baba hatupi hata moja. Nikazitandaza mkekani, mwaka baada ya mwaka. Ya 1997 matundu yake madogo yamepangana sawasawa. Ya 1999 yameanza kwenda upande. Ya 2001 yanapepesuka kabisa.

Miaka sita!

Nikamwita Mama. Akaziangalia, akamgeukia Baba.

"Baba Tamima, kumbe ulikuwa unaona?"

"Nnaona tangu hiyo ya tisini na tisa."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, ungenishonea nyengine?"

Mama kacheka mpaka kakaa chini. Sijapata kuona watu wakifurahi kuwa mgonjwa wao kaanza kuumwa mapema.

Jumatano, 6 Julai

Mwalimu Nadhira kaja na kamera. Kofia zote zimepigwa picha na kutumwa. Baba kashawaambia majirani kwamba kofia zake zimekwenda Marekani.

Jumamosi, 9 Julai

Wamejibu. Ushahidi wameukubali. Nafasi bado, wataamua mwezi ujao. Kwanza Mama azijue hatari, na aulize lolote. Wameandika pia kuwa mara nyengine ugonjwa huu hurithiwa. Sentensi hiyo nimewasomea haraka.

Mama hajawahi kuulizwa na daktari kama ana swali. Kakaa kitandani kama hakimu.

"Andika. Moja: kichwa wanakitoboa wapi, na nywele zitaota? Mbili: hivyo virusi vikishafika vinatulia au vinatembea? Tatu: waliotiwa kabla yangu, nani kapata nafuu na nani hakupata? Wasinifiche."

Nimeandika yote, kwa Kiingereza safi.

La nne hakunitajia. Kasema nimpe Baba kalamu, mie niende nikaangalie chai. Nnaandika haya jikoni. Chai ishachemka zamani. Huko ndani wananong'ona — wanacheka — wananong'ona tena.

Baba ananiita.

"Naam."

"Eti Tamima, mtoto wa kike kwa Kizungu anaandikwaje?"

Nimemtajia herufi moja moja, kutoka huku huku jikoni.