Wa Kwanza Kuinua Mkono

Mjukuu wangu Nafula,

Hapa Kaloleni tuko salama. Mamako amepona kikohozi, na paka wako amezalia juu ya kabati. Umeniuliza kwa nini wafanyakazi wa kampuni yenu hawaandiki tena chochote kwenye ule mfumo wa kompyuta mliowatengenezea, wa kila mtu kutoa wazo na wenzake kuliboresha.

Nilipokuwa kibarua wa kupakia biskuti kiwandani, meneja alituita akasema mwenye wazo ainue mkono. Niliinua. Nikasema meza yetu isogezwe karibu na tanuri, tuache kuzunguka na trei.

"Kumbe siku hizi vibarua ni mainjinia!" akasema, na watu wote wakacheka. Nilikaa chini uso ukiniwaka. Baada ya wiki chache meza ilisogezwa, na hakuna aliyenitazama. Tangu hapo nikiulizwa maoni, mimi ni "sawa tu."

Hata uliponionyesha mfumo wenu kwa simu nilisema ni mzuri, na kumbe sikuweza kusoma yale maandishi madogo. Naona haya kukwambia.

Sasa mama, yule wa kwanza kuandika humo, mlimjibu nini?

Nyanya yako,
Nekesa