Mashine ya Hospitali na Homa Yangu

Jumatatu, 9 Machi
Kitindamimba wangu kafika! Begi moja na kompyuta. Kabla ya kukaa kanigusa shingo, akashangaa sina joto. Nikamwambia limeshuka asubuhi. Mungu anisamehe — sikuwa na homa yoyote. Nilipiga simu nikasema naumwa ili aje tu. Nyumba imenizidi ukubwa.

Jumanne, 10 Machi
Kainamia kompyuta tangu chai. Programu aliyoiandikia hospitali imegoma. Inafunguka vizuri, ila ikienda kuchukua taarifa za wagonjwa kwenye database, yaani ghala lake la taarifa, inakufa palepale. Haisemi hata sababu. Foleni ya wagonjwa huko imefika getini. Kanieleza polepole kama mtoto: programu haiongei na database yenyewe, inapitia kwa kidude cha katikati, kama mkalimani. Wikiendi hospitali wamebadilisha mashine, yeye akiwa njiani kuja kwangu.
Njiani kuja kwangu. Nikausogeza uji kando.

Jumatano, 11 Machi
Mwenzake wa kazini aliye kule hospitalini, wanamwita Miwani, simu haimtoki mkononi. Mwanangu anamwelekeza: bonyeza hapa, nisomee pale. Anashuku programu inatoa anwani nzima, mkalimani anapokea nusu, anakwenda kugonga mlango usio wake. Hata mimi nimeelewa — mgeni ukimpa nusu ya njia atalala nje. Lakini kwenye kompyuta ya hapa kila kitu kinakubali. Ya hospitali inakataa. Miwani kamtania kwamba hata daktari hatibu kwa kusimuliwa. Mwanangu hakucheka. Inabidi akae mbele ya mashine yenyewe.
Nilitaka kusema. Nikakaza kitambaa kichwani, nikarudi kulala. Muoga mimi.

Alhamisi, 12 Machi
Leo mzee mmoja nusura apewe dawa inayomdhuru, kwa kuwa taarifa zake hazikufunguka. Muuguzi aliwahi. Bosi kasema mwanangu aondoke na basi la mchana, la sivyo atatafutwa mwingine. Nimemsikia barazani, sauti chini:
"Mama anaumwa, bosi. Kazi nyingine nitapata. Mama mwingine sina."
Lo, mwanangu! Mapenzi yote hayo, na mimi mzima wa afya.
Nimevaa viatu. Nitamwambia, kisha nimsindikize stendi, anikasirikie njia nzima kama atataka. Basi bado halijaondoka.
Huyo anakuja. Ana bakuli la supu, anaipuliza isiniunguze.
Nimevuta shuka juu ya viatu —