Kikao cha Sebuleni

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wa Mama unapata nafuu na kwamba bado ana nguvu ya kukugombeza unapoingia ndani na viatu. Sisi ni wazima. Tumbo la mkweo linakua. Nesi anasema mwisho wa Mei.

Nina habari. Wachomeaji wenzangu hapa karakana ya mabehewa wamenichagua niwe mjumbe wa wafanyakazi kwenye mazungumzo ya likizo ya uzazi, huko mji mkuu. Sasa mama anapata wiki kumi zenye malipo, baba hapati kitu. Tunadai mama apate kumi na sita, na baba tatu.

Msemaji wa waajiri tumempa jina la Bwana Gharama, maana hata ukimsalimia anapiga hesabu. Ameweka kanuni mpya: mjumbe hana mbadala, na akikosekana hata mmoja, hakuna kikao. Anasema zamani tulikuwa tukibadilisha sura ili mjadala uanze upya. Ni kweli, tulikuwa tukifanya hivyo. Tumekubali.

Tusipotia saini ifikapo Mei 31, waziri atapeleka bungeni muswada wake mwenyewe, na ameshatamka hadharani wiki ishirini za mama, ingawa hakuna anayejua kama bunge litazipitisha. Waajiri hawalali.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu wa mama yako unaenda polepole, mdomo uko salama kabisa.

Hongera kwa kuchaguliwa. Lakini nilipowaeleza wastaafu wenzangu tunaocheza nao drafti kwamba mnadai likizo ya wanaume, mmoja alicheka mpaka kete zikaanguka. Na mimi nilicheka. Mwanamume akae nyumbani wiki tatu afanye nini? Anyonyeshe?

Sikiliza mtu aliyekula miaka thelathini kwenye mashine za kiwanda cha nguo. Ukienda kwa bosi na maombi mawili, anakunyima yote na kukushukuru kwa kuja. Mshika mbili, moja humponyoka. Wapiganieni akina mama. Hizo za akina baba ziacheni mlangoni.

Msalimie mkwe wangu, asibebe ndoo.

Baba yako


26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Poleni na mvua. Huku hotelini mimi ni mzima, ila nakosa usingizi.

Umesema kama mganga. Leo Bwana Gharama ametupa zote kumi na sita za mama, kwa sharti kwamba tufute za baba. Wenzangu wawili walitaka kukubali pale pale. Mwalimu mmoja, mama anayewakilisha walimu, aliwaambia wakitia saini watamtafuta wao wenyewe mtu wa kumshikia mtoto mama aliyeshonwa. Tumeomba muda.

Kusema kweli nami ninaelekea kukubali. Nikipiga kura na wale wawili, mwalimu anabaki peke yake. Akina mama wengi wanangoja, na maneno yako kuhusu maombi mawili hayanitoki kichwani.

Mwanao


12 Mei

Mwanangu,

Uhali gani? Kwanza kaa chini. Umepata binti. Amewahi, na mkeo alifanyiwa upasuaji, lakini wote wazima. Jirani alinipigia simu, mama yako hawezi kusafiri na mguu ule, basi nikaja mimi. Nilipiga simu ukumbini kwenu wakaniambia wajumbe hawasumbuliwi. Barua hii nampa dereva wa lori anayekwenda huko.

Nilikuja kwa siku mbili. Nikamkuta mkeo hawezi kuinua hata birika. Mtoto analia, nepi ziko kwenye beseni, maji hayajachemka, na yeye anatembea akishika ukuta ili aje kunipikia chai mimi mgeni. Nikamwambia rudi ulale. Tangu hapo napika, nafua, namwogesha mtoto. Mara ya kwanza nilimfunga nepi ikabaki mkononi mwangu. Sasa naifunga hata nikisinzia.

Niliuliza mwanamume afanye nini. Nimejibiwa. Nikiondoka hapa leo, binti huyu na mama yake wataangamia kwa kukosa mikono miwili tu.

Yale niliyokuandikia kuhusu mlango, yafute. Usiache mezani hata wiki moja.

Baba yako


30 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole kwa safari ya kurudi. Mama mtu anatembea vizuri. Mtoto anakohoa akishiba, nesi kasema ni kawaida.

Siku ile nilipofika nyumbani, mlangoni hukuniuliza nimeruhusiwaje. Sikuruhusiwa. Nilisoma barua yako koridoni nikaomba ruhusa, Bwana Gharama akasema, "Kanuni ni kanuni." Nikachukua begi. Njia nzima niliamini nimewaponza akina mama wote kwa ajili ya mmoja.

Kumbe bila mimi hapakuwa na kikao, na bila kikao waajiri walibaki na waziri na wiki zake ishirini. Bwana Gharama akadai niwekewe mbadala. Mwenyekiti, mama mmoja wa wizarani asiye na haraka, akamkumbusha kanuni ni ya nani. Kisha akasema, "Inataka wajumbe wote wawe pamoja. Haisemi wapi."

Wakaja, Baba. Juzi, wote, sebuleni kwangu. Bwana Gharama alikaa chini ya kamba ya nepi, moja ikimdondokea begani. Kila mtoto alipolia niliinuka, na kila nilipoinuka mwenyekiti aliweka kalamu chini: mjumbe mmoja hayupo, kikao kimesimama. Nilimbadilisha, nikamwogesha, nikampelekea mkweo uji. Safari ya nne, niliporudi, Bwana Gharama alikuwa anaangalia saa.

"Wiki mbili," akasema.

"Zenye mshahara kamili," akasema mwalimu.

Alinitazama mimi na taulo langu begani. "Kamili."

Kumi na sita kwa mama, mbili kwa baba. Ya tatu tumeiacha. Alipotia saini mtoto alikuwa amelala kifuani kwangu, kwa hiyo nilitia yangu kwa mkono wa kushoto. Inafanana na kuku aliyekanyaga wino, lakini ni halali.

Mwanao


5 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Tumesikia redioni: bunge limepitisha. Mama yako alisimama kwa mguu wake mbovu akapiga kigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Yule wa kete alinikejeli tena: mwanamume wiki mbili nyumbani afanye nini? Nikamwambia alete mjukuu wake nimwonyeshe. Alimleta. Sasa wastaafu watatu wanajua kufunga nepi, na drafti imelala.

Kiwandani tulikuwa hatuondoki kwenye mashine mpaka anayepokea zamu aishike. Siku ile ulipofika, hata begi hujatua, nilikupa mtoto nikashika njia kwa sababu ya mguu wa mama yako. Tangu hapo mikono hii haijui ikae wapi. Naibeba redio kama mtoto.

Mguu umepona. Nimemwomba mama yako likizo. Alipiga hesabu kumshinda yule bwana wenu, mwishowe akanipa wiki mbili. Nakuja Jumamosi. Nepi usifue, niachie.

Babu yake