Jambo Ambalo Swaumu Hakutaka Ulijue

Mkumbara, Korogwe
Jumatatu

Kaka yangu Muhidini,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Mama anakusalimu sana. Hafsa mwanao naye anakusalimu, ingawa salamu yake ni kuuliza tu kama huko uliko kuna watoto wa kucheza nao. Sisi kwa afya hatujambo. Mguu wa mama umeacha kuvimba na sasa anafika kwa jirani bila fimbo. Ningependa kujua na wewe unalalaje, unakula nini, na kama lile shuka nililoleta lilikufikia. Ningekuuliza uso kwa uso, lakini mara zote mbili nilizokuja uligoma kutoka kuniona. Askari mmoja wa hapo, mtu mwenye huruma, amekubali kukupa barua hii mkononi. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Nyumbani hakujatulia, kaka. Tangu tumzike Swaumu, mama anafunika mtungi wa maji kwa kanga na ndoo zote anazigeuza mdomo chini. Nikimuuliza anasema ni vumbi. Simbishii, kwa sababu mimi mwenyewe nikimimina maji kwenye kikombe namsikia wifi, ule mkwamo wa koo lake, kama mtu anayevuta pumzi kwenye tundu la sindano. Wewe ndiye uliyemshika mabega. Alikuwa akilia kwamba ana kiu, maji yakiletwa anayapiga teke na kugeukia ukutani, hata upepo wa kanga nikimpepea unamrusha mwili mzima. Juzi asubuhi nilikuta kikombe cha Hafsa kimejaa maji, kimewekwa dirishani. Akaniambia kamwekea mama yake, kwa sababu mama huja kuomba halafu hanywi. Niliyamwaga yale maji nje.

Watu wanaopita kwenye mkonge upande wa Mazinde wanasema wanamsikia mbwa wako Hayawahusu akibweka kule ulikomkuta amekufa ukamfukia. Wanasema ni ile sauti yake ya mwisho, iliyokauka. Najua mbwa aliyekufa habweki. Lakini ile njia siipiti tena.

Sasa nikupe habari. Baada ya wewe kukamatwa alikuja afisa mifugo, mama mmoja anaitwa Evodia. Alitumwa kwa sababu daktari aliyempokea Swaumu hospitali Korogwe alitoa taarifa kwamba kifo kile kilikuwa cha kichaa cha mbwa. Unakumbuka daktari alivyotuambia, na wewe ulivyomjibu mbele ya watu wote kwamba mkeo hakuumwa na mbwa wala hakumgusa. Bi Evodia hakubishana na mtu. Alichanja mbwa na paka wote wa kitongoji, akawa anakaa kwenye kila kibaraza anaeleza. Alisema mbwa mwenye ugonjwa ule si lazima awe mkali. Wengine wanapooza taya, mdomo unabaki wazi, udenda unachuruzika, na sauti inabadilika, mwenye mbwa akadhani amekwamwa na mfupa. Alisema pia kwamba si lazima meno yazame. Mate yakiingia kwenye mkwaruzo au kidonda yanatosha, na mate hayo huwa na ugonjwa siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote. Mtu anaweza kukaa wiki, hata miezi, yuko mzima kabisa. Dalili zikianza, hakuna dawa. Kabla hazijaanza, sindano zinamwokoa.

Alituuliza mmoja mmoja nani alimgusa yule mbwa. Mimi, mama na Hafsa tumeanza sindano, maana sote tulimpa chakula na Hafsa alikuwa akimlalia. Ndipo nikamwambia Bi Evodia habari zako. Asubuhi ulipokuwa unajiandaa kupanda mlimani Bungu kufuata kabichi, Hayawahusu alikataa ugali, ukakaa chini ukamlisha kwa mkono. Kidole gumba chako kilikuwa kibichi kwa kidonda cha shoka. Mimi ndiye niliyekifunga kitambaa baada ya pale, na kilikuwa kimelowa mate. Bi Evodia aliacha kuandika akaniangalia. Akaniuliza uko wapi.

Kaka, ndiyo maana yule muuguzi alikuja gerezani na sindano. Hakutumwa na mahakama, wala si njama ya wafugaji. Nimeambiwa ulimfukuza, ukasema huchomwi dawa ya ugonjwa usiokuwepo, na kwamba aliyemuua mkeo unamjua na maziwa yake unayajua. Wamesema hawawezi kukuchoma kwa nguvu.

Niliposikia hivyo nilifanya jambo ambalo najua hukutegemea. Nilikwenda hospitali kumwona Naisula, yule mama wa maziwa uliyemkata kwa panga ukidhani alimlisha wifi sumu.

Nilikwenda kumwomba radhi kwa niaba ya ukoo wetu. Parsaoti, mume wake, alinizuia mlangoni. Aliniambia ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi yenu mara moja tu, akaomba msamaha, kumbe kosa lake lilikuwa ni kuhama kutoka Handeni kuja kuishi karibu na watu wanaokata wanawake kwa panga. Nilisimama pale nikilia mpaka Naisula mwenyewe akaita kutoka ndani niachwe niingie.

Yuko hai, kaka. Mkono wa kushoto umefungwa mpaka begani na madaktari wanasema vidole havitakunja tena. Hataweza kukamua. Nilipiga magoti nikaomba radhi, akatazama pembeni, na mimi sikumlaumu. Kisha akaniuliza habari za Hafsa, nikamweleza habari za sindano, na maneno yakaniponyoka, nikamwambia mate ya ule mbwa yamekufikia na wewe, na umekataa dawa. Hapo aliinuka kitandani kwa mkono mmoja. Akauliza, "Muhidini naye alimgusa?" Nikamjibu ndiyo, kwa kidonda kibichi.

Akaongea na Parsaoti kwa Kimaasai, wakabishana. Halafu akanigeukia. "Dada, nilimwahidi marehemu nitafunga mdomo. Alitaka mume wake aishi. Sasa nikiendelea kufunga mdomo atakufa. Kwa hiyo nitasema, na wewe utamwandikia."

Kaka Muhidini, kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Ile siku uliyokuwa Bungu, Naisula alileta maziwa kama kawaida, akamkuta Swaumu uani na mbwa amepanua mdomo, anatokwa na udenda. Swaumu alikupigia simu. Unajua simu yake ilivyokuwa, bila kuweka sauti kubwa hasikii kitu, kwa hiyo Naisula alikusikia. Ulimwambia, "Huo ni mfupa. Mwingizie mkono uutoe, huyo hawezi kukuuma wewe." Naisula alimkataza. Alimwambia huko Handeni kaka yake, Kakuta, alikufa hivyo hivyo kwa kutafuta mfupa kwenye koo la mbwa. Lakini Swaumu alijibu kwamba mume wake anampenda mbwa yule na hatamwacha afe kwa mfupa mmoja. Akaingiza mkono. Hakukuwa na mfupa. Alipoutoa, jino lilikuwa limemparura juu ya kifundo, mstari mwembamba tu, na mbwa akakimbilia kwenye mkonge.

Naisula ndiye aliyemwosha kwa sabuni na maji mengi ya kumiminia, akamwambia aende hospitali siku ileile akachomwe. Swaumu akasema ataenda. Uliporudi akakwambia mbwa alikimbia kabla hajamgusa, kwa sababu ulikuwa umehuzunika mno na hakutaka uone alama ile ukajilaumu. Mkwaruzo ukakauka. Mahindi yalikuwa yanaliwa na ngedere na hakuna tena mbwa wa kuwafukuza, akashinda shambani. Naisula alimkumbusha kila alipoleta maziwa, naye akasema kesho, hata ikawa kumepona kabisa na kumkumbusha kukawa kama kumtakia mabaya.

Asubuhi ile koo lilipokataa maziwa, wewe uliona maziwa. Swaumu aliona kifundo cha mkono wake. Alielewa kabla yetu sote. Wewe ulipotoka kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali, alimshika Naisula nguo akamwambia, "Asijue kwamba yeye ndiye aliyenituma. Akijua hatabaki." Ni maneno hayo tu. Naisula akaapa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema ulipomjia na panga. Akaniambia, "Mdomo ulifunguka. Nikamkumbuka Swaumu, nikaufunga." Hata polisi walipomuuliza, alisema hajui kwa nini ulimshambulia.

Sasa unajua. Nimeandika na kufuta mara nyingi, na mama hajui kwamba nakuandikia haya. Sikuandika ili nikuumize. Ungekuwa umekubali ile sindano, ningeyafukia maneno haya kama Naisula alivyoyafukia. Ulisema kwenye simu kile ambacho mtu yeyote angesema. Hukujua, na Swaumu alijua kwamba hukujua, ndiyo maana alikulinda. Ulichomfanyia Naisula ni jambo lingine, hilo utalijibu mahakamani na kwa Mungu, na mimi nitakuwa nimekaa mahali utakaponiona. Lakini ili ujibu lazima uwe hai. Nimemwona mtu akienda kwa ugonjwa ule mara moja. Usinifanye nikushike mabega. Usimfanye Hafsa aweke vikombe viwili dirishani.

Jumatano nitaileta barua hii mwenyewe. Bi Evodia ameniahidi kwamba muuguzi atakuwepo, na sindano zimo kwenye boksi la barafu. Watakuita chumba cha dawa. Mimi nitakuwa kwenye benchi la wageni nje, na sitaondoka mpaka askari aje aniambie umekubali. Kama bado hutaki kuniona, usinione, lakini uende.

Mama anasema usiache kuswali. Hafsa anasema umletee pipi. Jirani zetu wote wanakusalimu, hata wale waliokuchochea, ambao sasa wanapita mlangoni kwetu wakiangalia chini. Naisula naye anakusalimu. Nilimuuliza mara mbili kama kweli nimwandike, akasema niandike.

Mdogo wako anayekupenda,
Faudhia