Maelezo ya Wilbrod Bukuru Kuhusu Picha ya Kakakuona wa Mbwara

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Kibiti
Tarehe 9/7/2025, saa 4:10 asubuhi

Jina: Wilbrod Bukuru
Umri: Miaka 43
Kabila: Mha
Dini: Mkristo
Elimu: Darasa la tano
Kazi: Kibarua wa shamba
Makazi: Mbwara, Rufiji. Nyumbani ni Kasulu, Kigoma.

Leo tarehe 9 Julai ni mwezi wa tano tangu niondoke kwetu Kasulu. Nilikuja Mbwara kuvuna ufuta katika shamba la Mrisho Abdulswamadu, na ufuta ulipokwisha akanibakiza kusafisha mikorosho. Nalala kwenye banda nyuma ya nyumba yake. Mkewe ni Mwantumu, ambaye mimi namwita mama Yasmin. Nasema mapema kwamba nakula chakula cha watu hawa, ili isije ikaonekana nilificha.

Mnamo tarehe 14/6/2025 asubuhi nilikuwa nafyeka chini ya mikorosho. Mrisho aliniita, nikamkuta amesimama juu ya kakakuona aliyejikunja kama mpira. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mnyama huyo. Mrisho alivua shati, akamfunika, akambeba mpaka uani kwake.

Watu walijaa. Wenyeji wana desturi ya kumwekea kakakuona vitu mbele yake, na kile anachokiendea kwanza ndicho kinachosema mwaka utakuwaje. Waliweka beseni la maji, mpunga kwenye ungo, jembe na panga. Maji ni mvua, panga ni vita. Jirani yetu bibi Habiba aliniambia, "Wewe Mha sogea huko nyuma, atakuona hiyo sura aliendee panga!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mnyama alijikunjua polepole, akaenda kwenye maji, akatia pua. Bibi Habiba akapiga vigelegele.

Mchana alifika afisa wa maliasili. Alisema mnyama arudishwe alikotoka, na mahali penyewe pasitajwe kwa mtu, kwa sababu wapo wanaotafuta magamba yake. Jioni tulimrudisha sisi watatu: Mrisho, mama Yasmin na mimi. Shimo lake liko kwenye kichaka mwisho wa shamba. Alipokuwa anaingia, mama Yasmin alimpiga picha moja kwa simu yake. Kwenye picha hiyo kuna mgongo wa mnyama na mchanga tu. Hata mti hauonekani. Kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi nayo.

Kesho yake, tarehe 15/6/2025, majira ya saa 11 jioni, mama Yasmin alikuwa anakuna nazi. Ridhiwani, mtoto wa kaka yake anayechapa fulana Dar es Salaam, alipiga simu. Kwa kuwa mikono ya mama Yasmin ilikuwa na nazi, mimi nilimshikia simu ikiwa kwenye spika. Mazungumzo yote niliyasikia.

Ridhiwani alisema, "Shangazi, ile picha uliyonitumia imefifia. Nitumie kama dokumenti, ije ilivyo, nikachape fulana."

"Mimi hizo dokumenti sizijui, mwanangu."

Ridhiwani akaelekeza, mimi nikabonyeza. Kidole kilichoituma ni changu. Kisha akauliza, "Na hapo ni wapi hasa? Kule bondeni?"

"We Ridhiwani, umetumwa? Hapo hapanitoki."

"Shangazi bwana! Mimi si damu yako?"

"Damu yangu ina mdomo mpana. Wewe chapa fulana, mahali utapaota."

Wakacheka, simu ikakatika. Simu nyingine walizopigiana sikuzisikia, na siwezi kuziapia.

Mnamo tarehe 29/6/2025 tulikuta shimo limechimbwa. Baada ya siku mbili tulisikia kwamba wanaume wawili wamekamatwa kwenye kizuizi pale Bungu wakiwa na kakakuona ndani ya gunia. Walidai mwenyeji ndiye aliyewaonyesha mahali. Tarehe 2/7/2025 askari walikuja kumchukua Mrisho. Hakubisha wala hakujitetea.

Siku iliyofuata nilimletea chakula hapa kituoni. Aliniambia, "Wilbrod, wewe ni mgeni, nyamaza kigeni hivyo hivyo. Mama Yasmin mdomo umemponyoka kwa yule mtoto wa kaka yake. Usimtaje. Mimi nitakaa."

Nilirudi Mbwara usiku umeingia. Mama Yasmin aliniuliza, "Amesema nini?" Nilimwambia. Aliweka bakuli chini. Akasema, "Kumbe yumo ndani kwa neno ambalo sikulitamka. Na ameamini." Hakula.

Tarehe 4/7/2025 tulikwenda pamoja kwa mwalimu Elinipendo, anayefundisha shule ya msingi, kwa sababu yeye anazijua simu. Mbele yetu mama Yasmin alimpigia Ridhiwani. Ridhiwani alisema aliiweka ile dokumenti kama ilivyo kwenye kundi lenye watu wengi, ili waone kazi yake. Akasema, "Shangazi, wallahi sikujua," akaanza kulia.

Mwalimu alifungua picha ile, akaivuta juu. Chini yake ikatokea ramani, na alama imesimama mwisho wa shamba la Mrisho. Akajitumia picha hiyo hiyo mara mbili. Iliyokwenda kama picha ya kawaida haikuwa na ramani. Iliyokwenda kama dokumenti ilikuwa nayo. Alisema simu huandika mahali ndani ya picha bila kumuuliza mtu, na dokumenti hubeba kila kitu.

Alifungua na picha nyingine za mama Yasmin, kila moja ikasema ilikopigwa. Alipofika kwenye moja iliyopigwa Mchukwi, mama Yasmin aliifunika simu kwa kiganja. Akauliza, "Hata hiyo?" Mwalimu akamjibu, "Zote, dada." Alichokwenda kufanya Mchukwi hakihusu kesi hii na sitakieleza.

Mama Yasmin akasema, "Niondolee mahali kwenye zote. Zote." Mwalimu aliizuia kamera isiandike mahali tena, kisha akaondoa mahali kwenye picha moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ya kakakuona nilimwomba aiache. Mama Yasmin aliitazama sana. Akasema, "Iache. Iende polisi ilivyo."

Leo afisa amenionyesha picha iliyokutwa kwenye simu ya mmoja wa wale waliokamatwa. Ni ile ile, na ina alama ya mahali. Nimeonyeshwa pia mnyama mwenyewe. Amekufa. Nimemtambua kwa gamba la mkiani lililopasuka, ambalo nililiona siku tuliyomrudisha.

Mrisho hakumwonyesha mtu shimo. Mkewe hakulitaja nilipokuwa nasikia. Mama Yasmin amekaa kwenye benchi nje ya kituo, simu anayo mkononi. Amekubali ichunguzwe picha hiyo moja, nyingine zisifunguliwe. Naomba, hata kama mtaendelea kumshikilia Mrisho, asomewe yale mazungumzo ya simu.

Nilikuwa nirudi Kasulu wiki hii. Nikihitajika mahakamani nitapatikana Mbwara, maana mikorosho haina mtu. Mke wangu Bernadeta nimempigia, nimemwambia anitegemee mwezi wa Desemba, kabla ya Noeli.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nimeyatoa kwa hiari yangu, nimesomewa na yako sawa.

Sahihi ya shahidi: W. Bukuru

Maelezo haya nimeyaandika mimi D/CPL Saadi kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akasaini mbele yangu saa 6:05 mchana. Picha iliyotajwa imefunguliwa kwenye simu ya Mwantumu mbele yake, nyingine hazikufunguliwa. Alama ya mahali inalingana na ile ya kielelezo. Kwa ombi la shahidi, mshukiwa Mrisho Abdulswamadu amesomewa sehemu ya mazungumzo ya simu saa 6:30 mchana. Aliomba irudiwe. Baada ya hapo ameomba kuonana na mkewe, na ameruhusiwa.